Chai Kwanza

Jumanne asubuhi nilipeleka maziwa ya mama mkwe kwenye kituo cha kupozea huko Kabazi. Mashine ya kupoza ilikuwa ikizima yenyewe karibu kila siku, na wakulima wakirudishiwa maziwa yaliyoharibika. Injinia kijana, ametoka chuo juzi, alikuwa amekuja kuitengeneza.

Mama anayepima maziwa akapangusa stuli kwa leso. "Karibu chai kwanza."

"Asante mathe, niko na haraka," injinia akajibu bila kuinua macho kutoka kwa laptopu.

Aliifungua na kuifunga mashine kwa saa mbili. Mashine ikanguruma vizuri tu. Mwishowe akaketi. "Sasa wacha nikunywe hiyo chai."

Mama akachomeka birika ya stima kwenye soketi moja na mashine, akaiwasha. Mashine ikanyamaza papo hapo.

"Nilikuwa nashuku hii birika," mama akasema polepole, "lakini niliambiwa stima si kazi yangu. Nikataka ujionee kabla hujafungua chochote."

Umeme injinia alifundishwa miaka mitano, na naamini alipita. Chuo kingemwongezea tu somo la kukaa kwa stuli ya mwenye kuishi na mashine. Mtihani wake ni kikombe kimoja, na ukikikataa umeanguka.