Pikipiki Iliyompigia Bibi Goti

Juzi, kwenye taa za barabarani North York, huku ughaibuni, pikipiki moja ilifunga breki mbele yangu ikainamisha pua kabisa, nami nikacheka peke yangu garini.

Baba alikuwa na ya namna hiyo tulipokaa Malton, karibu na uwanja wa ndege. Kila alipofunga breki mbele ya Bibi, aliyekuja kututembelea kutoka Bukoba, ilizama mbele. Leo najua oili ya shokapu, zile nguzo za mbele zinazopunguza mtikiso, ilikuwa imechoka. Wakati ule niliamini inampigia Bibi goti, kama watoto wa kike wa kwetu wanavyoamkia wakubwa, jambo ambalo Mama alinisihi nilifanye, nikagoma.

Alasiri moja Baba alifungua shokapu za mbele. Oili ilitoka nyeusi, ikinuka kama samaki aliyeoza. Akamimina mpya, akazunguka mtaa, akaja mbio huku ndege ikinguruma juu yetu, akafunga breki mbele ya Bibi aliyeketi kitini nje. Pikipiki ikasimama bila kuinama!

"Imepona!" Baba alishangilia.

"Umeiharibu!" nikapiga kelele. "Haimwamkii Bibi tena!"

Bibi alibaki ameketi, akisubiri kuamkiwa. Nikakimbia, nikapiga goti kwenye lami ya moto.

"Shikamoo Bibi," nikasema, kwa niaba ya pikipiki.