Bungoma Haikuwa Safari

Shangazi yangu Khairunisa, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa kufungashia wengine. Ukisafiri kutoka kwetu Kitale, pale karibu na msikiti, hukutoka kabla hajakukagua kikapu: maji yaliyochemshwa, ndizi, kipande cha sabuni, sweta hata kama jua linawaka. Nilipokwenda Mombasa harusini alinifuata hadi getini na soksi.

"Shangazi, Mombasa ni joto."

"Na njiani je? Miguu ikivimba utanipigia mimi simu ama utalipigia hilo joto?"

Alisema Mungu mwenyewe amemhurumia msafiri, akampunguzia hata rakaa za swala, yeye ni nani amnyime mtu sweta.

Alikuwa na ugonjwa wa sukari. Alijichoma sindano kila siku bila kukumbushwa, na alipokwenda Hija alizibeba kwenye mfuko wa barafu, akaupakata ndani ya ndege kama mtoto mchanga. Alirudi mzima.

Lakini Bungoma kwake haikuwa safari. Miaka mingi aliuza madera kwenye masoko ya Kachibora na Naitiri, na barabara za huku alizizoea kama ua wa nyumba. Ukimwuliza anakwenda wapi, alijibu, "Siendi mahali. Nafika tu hapo Bungoma." Huko aliswali rakaa zote nne, kama aliye nyumbani. Na anayefika tu habebi kitu.

Mwezi wa Aprili rafiki yake wa Bungoma, Sellah, waliyeuza naye Naitiri tangu ujanani, alipata mjukuu. Shangazi alichukua mkoba mdogo na leso ya kumfunika mtoto. Sindano zilibaki kwenye friji, maana angerudi jioni.

Jioni mvua ikanyesha, Sellah akakataa kumwachilia. Nikapiga simu.

"Shangazi, umeacha dawa. Nikuletee?"

"Wewe nawe! Ati uje mpaka huku kwa ajili ya sindano? Nimefika tu, kesho narudi."

Nyuma yake nilimsikia Sellah akicheka. "Mwambie nimekufunga kamba, bana!"

Kesho yake Sellah alimtafuta jirani Mwislamu aje achinje kuku. Mgeni aliyechinjiwa kuku hawezi kuaga asubuhi. Shangazi akakaa. Akashikwa na kiu isiyokatika, kisha akaanza kutapika, akasema ni uchovu tu, chakula kimemkataa. Walipomfikisha hospitali alikuwa hajui tena yuko wapi. Madaktari walijitahidi. Tulimleta Kitale tukamzika kabla ya Alasiri.

Sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea. Hilo naliamini na silipingi. Bado moyo unaniuma. Laiti siku ile angejifungashia yeye mwenyewe, kama alivyotufungashia sisi.

Sellah hajatulia tangu msiba. Anasema ni kuku wake aliyemchelewesha. Jana niliamua kwenda kumwona. Nilitoa kikapu cha shangazi, nikatia maji, ndizi, sabuni na sweta. Jirani yetu mzee Adow alinikuta getini.

"Arafa, mizigo yote hiyo! Kwani unasafiri?"

"Ndiyo, mzee. Nasafiri."

"Wapi?"

"Bungoma."

Alitaka kucheka, kisha akakiona kikapu ni cha nani. Akakipokea mkononi mwangu, akanisindikiza nacho hadi stendi.