Shemeji Apiga Marufuku Mayai

Alikuwa fundi wa makochi. Watu walimwita Misumari, maana akiwa kazini alibana misumari midogo midomoni, akiitoa mmoja mmoja na kuigonga kwa nyundo. Kidonda kilipotokea ubavuni mwa ulimi akailaumu misumari hiyo hiyo. Kikagoma kupona. Daktari wa meno akakata kinyama, kikapimwa: saratani.

Hapo shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, akajifanya msemaji wa familia. Bwana huyu hajawahi kumaliza kitu isipokuwa sahani ya chakula, lakini kwa kujua, ajua yote. Mdomo kama cherehani isiyo na uzi: kelele tele, hakuna kinachoshonwa.

Hospitalini, daktari aliwaeleza taratibu. Sehemu ya ulimi ingekatwa. Katika kile kinyama walipima pia protini fulani inayotengenezwa na seli za uvimbe, wakaikuta nyingi.

"Nikiiweka pamoja na vipimo vingine, naona ugonjwa huu una haraka, na unaweza kurudi. Ni dalili, mama, si hukumu. Baada ya upasuaji tuongeze mionzi."

Shemeji alitikisa kichwa kama jaji. Walipofika nyumbani akatangaza: protini imezidi mwilini! Mayai marufuku. Maharage marufuku. Nyama ndiyo usiseme. Mgonjwa, ambaye kumeza kwenyewe kulikuwa kazi, akawekewa uji mwepesi usio hata na maziwa. Nyama na mayai akala shemeji, eti visiharibike.

Misumari alivumilia, maana kila neno lilimuuma ulimi. Gauni lilipoanza kumning'inia kama turubai, akamfuata shemeji jikoni.

"Shemeji, daktari alisema protini ya wapi?"

"Si ya mwilini?"

"Ya kwenye uvimbe. Mayai yangu hayaliwi na uvimbe, unayala wewe."

"Mimi nakulinda tu, shemeji."

"Nilinde ukiwa kwako."

Jioni hiyo binti wa Misumari alimpikia mama yake mayai laini, naye akayameza huku machozi yakimtoka.

Akapasuliwa. Mionzi ikamkausha mate na kumchubua kinywa, mara mbili akataka kuacha. Binti akamvuta mkono wakaenda. Mpaka sasa ugonjwa haujarudi. "Rangi" anaitamka "langi", na mteja akicheka humwuliza kama anakuja kukalia kochi au matamshi. Lakini kila siku ya kwenda kupimwa humshika binti yake mkono.

Shemeji huwaambia majirani kuwa uji wake ndio uliomponya. Hakuna aliyemwuliza.