Siku Dada Neema Alipomjibu Bibi

Juzi sokoni Mlalo nilimsikia mama mmoja akimsema mkwe wake aliyetoka kujifungua: "Hana ugonjwa wowote, anadeka tu." Niliviacha viazi nilivyokuwa nachagua nikaondoka kwa hasira.

Maneno hayo hayo aliyasema bibi, mama yake baba, mchana mmoja wa mvua nilipokuwa mdogo. Baba alikuwa kwenye mashamba ya chai kule Amani. Mama alikuwa amelala na kichanga chetu, chumba kikinuka moshi wa kuni na maziwa yaliyochacha. Nilijibanza mgongoni kwake kukwepa baridi. Mwili wake ulikuwa wa moto kama jiko, nikafurahi. Nilidhani kila mama akijifungua hupata moto ule ili ampashe mtoto. Leo najua ilikuwa homa ya uzazi.

Mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka. Bibi aliendelea kuchambua maharage.

"Bibi, mama haitiki nikimwita," alisema dada Neema, aliyekuwa bado shule ya msingi.

"Anadeka. Mimi nilikuwa najifungua leo, kesho niko shambani."

"Basi akifa, mtoto utamnyonyesha wewe!"

Dada alitoka mbio mvuani, akarudi na jirani mwenye pikapu. Mama alifikishwa hospitali akiwa hajitambui.

Alipona. Baba aliporudi, bibi alimweleza jambo moja tu, kwamba Neema amemtukana. Dada alichapwa, kisha akapigishwa magoti aombe radhi. Mama alikuwa amekaa pale pale akinyonyesha, na hakuna aliyemuuliza lolote.