Wimbo wa Mgongoni

Aliyetaka kugombana na Nyawira, na pale soko la Kitengela walikuwepo wengi, ilimtosha kumwambia kwamba binti yake hasikii. Nyawira angeacha sukuma wiki aliyokuwa akikatakata, amtazame huyo mtu toka juu hadi chini, kisha atoe ushahidi wake. "Baruti ikilipuka kule kwari ya mawe, Waceke ndiye wa kwanza kushtuka. Sasa huyo ni kiziwi wa aina gani?"

Na kweli. Mwaka huo wa tisini na nane Kitengela ilikuwa ikijengwa kwa pupa, mawe yanapasuliwa karibu kila siku, na kila baruti ilipolipuka Waceke alikuwa ameshafika mlangoni, macho yamemtoka. Tena hakulala bila kubebwa. Ilikuwa lazima alaze shavu mgongoni pa mama yake, aimbiwe nyimbo za kanisani mpaka usingizi umchukue. Nyawira akinyamaza kidogo avute pumzi, mtoto anafungua macho. Mama wa mtoto kama huyo utamwambiaje eti hasikii?

Lakini Waceke alikuwa na miaka sita na hajawahi kusema hata "mami". Mwalimu wa nasari hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na watoto wengi kuliko madawati. "Mama Waceke," alisema, "kama masikio iko sawa, basi shida iko kwa akili. Darasa la kwanza hawatamchukua hivi. Mpeleke Kajiado apimwe." Nyawira alilia njia nzima. Mtoto wake aambiwe hana akili, akae nyumbani maisha yake yote akifukuza kuku? Hilo hakulikubali hata kidogo.

Kituo cha kupima watoto kilikuwa chumba kimoja cha zamani, chenye sakafu ya mbao, pembeni mwa shule ya msingi. Mwalimu Nalianya, mtu wa Bungoma mwenye sauti ya chini, aliketi sakafuni na Waceke, akamwaga vibao vya rangi. Alijenga mnara, Waceke akajenga wake. Akapanga vibao kwa rangi, akavivuruga; Waceke akavipanga upya, kisha akarekebisha kimoja ambacho mwalimu alikikosea makusudi. Nalianya akacheka. "Kichwa hakina shida, mama. Kiko sawa sana." Nyawira akacheka naye.

Kisha mwalimu akapita nyuma ya mtoto, akatikisa mkebe wa maharagwe. Waceke hakugeuka. Akapiga kengele. Wapi.

Nyawira uvumilivu ulimshinda. "Amezama tu kwa mchezo, mwalimu. Mimi nikimwita anageuka. Waceke!" Waceke akageuka, akatabasamu. "Si umeona?"

Mwalimu alikuwa ameona, lakini alikuwa akitazama viatu vya Nyawira. "Mama, hebu inua miguu isiguse chini. Halafu umwite tena."

Lilikuwa agizo la ajabu, lakini Nyawira alilifuata. Akaita. Mtoto anapanga vibao. Akaita kwa nguvu mpaka wanafunzi wa nje wakachungulia dirishani. Waceke akaweka kibao chekundu juu ya cha kijani.

"Kila ukimwita unakanyaga sakafu," Nalianya alisema polepole. "Nyumba yenu ni ya mbao?"

"Ya mbao."

"Na baruti ikilipuka?"

"Nyumba yote inatetemeka," alijibu Nyawira, na hapo akayasikia maneno yake mwenyewe.

Ugomvi wote wa sokoni ulimwishia pale kwenye kiti, miguu ikiwa bado hewani. Alichouliza hakikuhusu shule. "Na zile nyimbo? Nimekuwa nikimwimbia nani?"

Nalianya alimweleza tu kwamba iko shule ya bweni ya watoto viziwi, kwamba Waceke angejifunza kuongea kwa mikono, na kwamba akili kama ile si ya kuachwa nyumbani.

Januari Nyawira alimpeleka, akarudi peke yake. Jioni hakujua la kufanya na mgongo wake. Hata kanisani hakuimba, alijiona mjinga.

Aprili shule zilipofungwa alikwenda stendi kumpokea. Waceke alikuwa amenenepa, mikono haitulii. Mwalimu wa bweni aliyewasindikiza watoto alimweleza Nyawira kwamba shuleni kwao kila mtu hupewa jina la mkono, ishara yake mwenyewe; mpishi analo, hata askari wa geti analo. "Na wewe Waceke amekupa. Sote tunakuita hivyo, ila maana yake hatujui."

"Ni gani?"

Mwalimu alipomwashiria, Waceke aliinamisha kichwa, akalaza shavu kwenye kiganja chake, na kiganja kikaanza kutetemeka kidogo kidogo. Kisha akamzunguka mama yake na kumgusa mgongoni, kati ya mabega, pale pale alipozoea kulaza shavu.

Nyawira alichuchumaa katikati ya stendi, watu wakipita na mizigo yao, akampa mtoto mgongo. Waceke alikuwa mzito sasa. Alipolaza shavu, Nyawira akaanza kuimba.