Mrehani wa Washenga

Enzi zetu nyuki alikuwa na heshima yake. Hakuhitaji semina, wala kibao kilichoandikwa "Karibu Nyuki", kama kile nilichokiona juzi barazani kwa jirani yangu, kijana wa watu mwenye ndevu zilizochongwa vizuri kuliko akili yake. Ana chungu kimoja cha seji, mmea wa Kizungu wenye maua ya samawati, kimesafirishwa kutoka Nairobi kama bibi harusi. Nyuki mmoja alipoitika mwaliko akaja, mwenyeji aliruka kutoka kitini, akaingia ndani mbio na kurudi na kopo la dawa ya wadudu. Nilicheka mpaka nikajishika mbavu. Nyinyi wa rika langu, tuliolelewa Malindi miaka ya themanini, mtaelewa kwa nini nilicheka, na kwa nini kicheko chenyewe kiliniachia uchungu.

Nyumba yetu ilikuwa mtaa wa Shella, ya mawe na paa la makuti, na nyuma yake palikuwa na uwanja wa bibi yangu, Bi Zena, mama mzaa baba. Uwanja haukuwa na ukubwa wa kujivunia. Ulikuwa na kisima cha maji ya chumvichumvi, mti mmoja wa asumini, mfereji wa maji ya kuogea ambako maboga yalitambaa mpaka juu ya ukuta, na mrehani. Mrehani ulikuwa wa mafungu mawili. La kwanza, karibu na jiko, lilikuwa la wanawake. Lilichumwa kila Alhamisi kwa ajili ya vikuba, vile vifungo vya asumini na majani ya kunukia wanavyojipamba wanawake, na kila kilipochomoza kishada cha maua kilikatwa ili majani yaendelee kunenepa. La pili lilikuwa kando ya kisima, na hilo halikuguswa. Liliachwa lichanue litakavyo, vishada virefu vyeupe vyenye wekundu wa zambarau, na tangu alfajiri lilivuma. Walikuja nyuki wadogo wa kahawia, wakaja na wale weusi wanene wanaotoboa boriti na kutumwagia unga wa mti juu ya chandarua. Fungu hilo Bibi aliliita mrehani wa washenga. Ukilitia mkono, kofi la mgongo lilikufikia kabla hujamaliza kusema "samahani".

Washenga, kwa sababu gani? Bibi alitueleza tukiwa tumechuchumaa penye maboga. Boga lina maua ya kiume na ya kike, yanaishi katika mti mmoja na hayajuani. Ua la kike utalijua kwa kijiboga lilichokifunga kiunoni. Haliwezi kumfuata mume, na mume hana miguu, basi lazima apatikane wa kupeleka posa. Na mshenga, alisema Bibi, hapiti nyumba isiyo na kitu cha kula. Mwandalie mrehani wake, ashibe, kisha atapita kwenye maboga na kuyaozesha yote bila kudai mahari. Asipopita, kile kijiboga hugeuka manjano, kikalegea, kikaanguka.

"Boga lisiloozwa huoza," alikuwa akimaliza. Sisi tukalikariri neno hilo kwa sauti kubwa kuliko tulivyokariri masomo ya chuo cha Kurani, kwa sababu lilituchekesha.

Na maisha yalikuwa hayo. Asubuhi mahamri na mbaazi za nazi, shule na maziwa yake ya pakiti za pembe tatu, mchana chuo, kisha mdako wa vijiwe mpaka kucha zikaisha. Redio tulikuwa nayo. Ulikamata nyuki mweusi mnene, ukamtia ndani ya kiberiti kitupu, ukaweka sikioni, akakupigia taarabu unayoitaka. Kila mtoto na stesheni yake. Watoto wa siku hizi wamejiziba masikio kwa vijidude vyeupe, ukiwaita mara nne wanakuuliza "nini?" kwa ukali, utadhani wewe ndiye uliyekosa adabu. Redio zetu zilifunguliwa kabla ya adhana ya alasiri na kurudishwa mrehanini zikiwa hai, maana Bibi alikuwa akisema mshenga aliyefungwa hutoa talaka.

Sasa mjue Bi Zena alikuwa mjane, na uwanja ule ndio uliokuwa mkono wake wa kutolea. Mnakumbuka Ramadhani za mtaani. Sahani ya jirani hairudi tupu. Huyu kakuletea samaki wa kupaka, yule kakuletea viazi vya nazi, na wewe sahani yao uirudishe na kitu juu yake, hata ukiwa fukara. Bibi hakuwa na samaki wala nyama. Alikuwa na boga, lililopikwa kwa tui zito, iliki na sukari kidogo, na watu waliomshinda kwa kila kitu walikuwa wakiulizana kabla ya magharibi kama sahani ya Bi Zena imeshapita. Ndiyo heshima aliyokuwa nayo mjini, na alijua hana nyingine.

Hapo ndipo alipoingia ami yangu Twaha, kitinda mimba wa Bibi. Ami Twaha alikuwa mtunza bustani katika hoteli moja ya Kikambala, na kule alisoma elimu mbili: kukata majani yakawa sawasawa kama kichwa cha askari, na kumdharau kila mtu asiyekata. Akirudi nyumbani alitembea uwanjani mikono nyuma, akitikisa kichwa. Mrehani uliochanua aliuita magugu. Mwaka huo alikuwa amemposa binti wa Bi Maryamu, mtaa wa pili, na wanawake wa kwa binti walikuwa waje kutazama nyumba mwezi wa Rajabu. Ami Twaha akaona uwanja wa mamake utamtia aibu.

Bibi alikuwa ameitwa kijijini Adu kwenye matanga ya dada yake. Aliporudi alikuta mrehani wa washenga umeng'olewa na mizizi, umetupwa nyuma ya ukuta. Hata fungu la jikoni halikusalimika. Mahali pake palikuwa na nyasi alizozileta kwa magunia, na pembeni maua mekundu ya hoteli, makubwa mfano wa bakuli, hayana harufu wala asali. Na kwa kuwa mtu wa elimu hafanyi kazi nusu, alikuwa amepuliza dawa kila pembe kwa pampu ya mgongoni. Nyuki weusi walilala chini ya boriti, miguu juu. Tuliwaokota tukawatia kiberitini, lakini hapakuwa na redio.

Bibi hakupiga kelele. Alisimama na mtandio wake wa safari bado kichwani, akauliza, "Twaha mwanangu, washenga wangu leo wamekula wapi?"

Ami Twaha akacheka. Akamwambia hotelini hakuna mgeni anayekaribishwa na mdudu, na kwamba nyuki angemuuma mkwe, posa ingevunjika. Bibi akaingia ndani.

Wageni walifika baada ya wiki mbili. Jua la Rajabu na maji ya chumvi ya kisima yalikuwa yameshazifanyia nyasi kazi yake, zimekuwa rangi ya jamvi kuukuu. Ami Twaha alikuwa amevaa shati la hoteli. Bi Maryamu, mama wa binti, alizunguka uwanja polepole, akatafuta mrehani wa kumfanyia binti yake vikuba siku ya harusi, kama ilivyo wajibu wa upande wa mume kupeleka, asione hata jani. Akarudi akasimama mbele ya mkwewe mtarajiwa.

"Nyasi tushaziona, baba," alisema. "Ng'ombe yu wapi?"

Mpaka leo Shella wapo wanaomwita Ami Twaha "Mwenye Ng'ombe", na watoto wao hawajui kwa nini. Harusi haikuvunjika, lakini mrehani Ami Twaha alikwenda kuuomba mwenyewe, nyumba hadi nyumba, kikapu mkononi, na kila mwanamke aliyemkatia alimuuliza kwanza habari za mifugo. Haya ndiyo yaliyotuchekesha. Yaliyompata Bibi hayakutuchekesha.

Maboga yalichanua kama kawaida yake, maua ya manjano kutoka mferejini hadi juu ya ukuta, na hapakuja mshenga. Labda walibaki nyuki kwa majirani, lakini hawakuwa na la kuwaleta kwetu. Vijiboga vikaanza kugeuka manjano kimoja kimoja, vikalegea, vikaanguka. Bibi aliviokota akivipangusa mchanga. Shaabani ilikuwa imeingia, na Ramadhani haimsubiri mtu.

Asubuhi moja nilitoka kwenda kunawa nikamwona penye mfereji. Alikuwa amejifunika leso mpaka usoni, yamebaki macho. Alikuwa amechuma ua la kiume, amelimenya majani yake, na kwa lile shina la katikati lenye unga alikuwa akigusa maua ya kike, moja baada ya moja. Nilimwamkia shikamoo, akashtuka kama aliyefumaniwa.

"Marahaba. Usimwambie mtu," alisema. "Mwanamke mzima wa miaka yangu kuozesha maua kwa mkono. Kazi aliyopewa mdudu na Mola wake, nimeachiwa mimi."

Alipata maboga machache, madogo, hayakufika nusu ya mfungo. Sahani zilizobaki alizirudisha na chumvi juu yake, iliyofungwa kwa karatasi, kwa sababu chumvi si tupu. Majirani walipokea kwa adabu. Bibi alizipeleka mwenyewe, hakututuma sisi, na nilikuwa mtoto lakini nililiona lile bega lake moja lililoshuka. Nilimchukia Ami Twaha kwa ajili ya bega lile, na sijui kama nimeacha.

Mvua za masika ziliposhika, Bibi aliomba mbegu kwa Bi Maryamu, ambaye sasa walikuwa jamaa, akapanda mrehani upya kando ya kisima. Nyasi alizilima yeye mwenyewe. Mwaka uliofuata uwanja ulivuma tena, na sahani zake zikapita kabla ya magharibi, mpaka alipofariki.

Leo Malindi imejaa akina Twaha, na hawa hawakwenda hata Kikambala kusomea. Uwanja wa Bibi umetiwa matofali ya kabro, kisima kimefunikwa zege, na juu yake linalala gari. Makuti yameondoka, boriti zimeondoka, juu pameota ghorofa mbili. Vikuba vinauzwa vya plastiki, vimepuliziwa marashi. Ramadhani futari inaagizwa kwa simu na kuletwa kwa pikipiki ndani ya boksi, na boksi halirudishwi kwa mtu. Na yule kijana wa seji amepata ufumbuzi: chungu chake amekivika wavu, ua lisisumbuliwe na wadudu. Kibao cha "Karibu Nyuki" bado kipo.

Mimi nina pipa juu ya sakafu ya paa, nimepanda boga. Pembeni nina mrehani katika makopo ya rangi, nauacha uchanue, siukati. Umechanua mara ngapi sijui, na sijasikia mvumo. Basi kila asubuhi napanda ngazi kwa magoti yangu haya, nachuma ua la kiume, nalimenya, naozesha. Bibi alifanya hivyo Shaabani moja tu, na alijifunika uso asionekane na mtu. Mimi nafanya kila siku, uso wazi, majirani wakinitazama kutoka madirishani, na hakuna hata mmoja anayejua kwamba ni aibu.