Utambi wa Mwisho wa Karabai

Siku ile nilikuwa nimekaa kwenye kigoda uani kwetu Ushirombo, karabai ya zahanati nimeifungua vipande vipande juu ya gunia. Mdogo wangu Masanja akapita na kibuyu cha maziwa, ametoka kukama, akanicheka.

"Dada, hiyo taa ungeolewa nayo tu, sisi tukala pilau."

Nikamwambia apite na uchuro wake huko. Alikuwa na mdomo, yule. Hata akiwa na njaa hakukosa la kusema.

Mimi nilikuwa mhudumu wa zahanati, na karabai iliangukia kwangu kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa na subira nayo. Chemli ukishaiwasha umemaliza. Karabai ni kama mgonjwa mkorofi, usipomjua atakutia aibu mbele za watu. Ngozi ya pampu ikikauka, utasukuma mpaka mkono ukuume na upepo hauingii. Dawa yake ni kuitoa, kuipaka samli na kuiacha inywe. Mwanga ukianza kupumua, mara mkali mara hafifu, ujue kitundu cha mafuta kimeziba, uzungushe sindano. Ukiwa na haraka ukasukuma kabla spiriti haijaipasha, itatapika moto mpaka darini. Hayo yote niliyaweza.

Kitu kimoja hakina fundi, nacho ni utambi wake. Ni kifuko cheupe cha nyuzi, laini kama soksi ya mtoto mchanga. Ukikifunga na kukichoma mara ya kwanza, kinabaki jivu lililosimama, na jivu hilo ndilo linalotoa ule mwanga mweupe. Liguse kwa kidole, limekwisha. Litikise, limekwisha. Hapo huna la kufanya ila kwenda dukani, na mwaka ule madukani hakukuwa na kitu. Hata sabuni tulikuwa tunaigawana.

Jioni ile ile redio ya mwalimu, jirani yetu, ikatuambia kwamba majeshi ya Uganda yamevuka mpaka na kuingia Kagera. Mama alikuwa anachambua choroko. Mikono yake ikasimama.

Haukupita muda mrefu wakaja kuchukua mgambo, na Masanja alikuwa mgambo. Wakataka na wahudumu wa zahanati, na taa yoyote yenye mwanga wa maana. Basi tukaondoka wote watatu, mimi, yeye na karabai. Watoto wangu pacha, Kulwa na Doto, nikamwachia mama. Mama alitushika mikono wote wawili kwa pamoja.

"Mkaangaliane," alisema. "Sina neno jingine."

Lori likatupeleka kupitia Biharamulo. Karabai niliipakata njia nzima, na tambi zilizobaki nilizifunga kwenye kitambaa nikazitia kifuani. Masanja akawaambia wenzake, "Shemeji yangu huyo, msimguse." Lori zima likacheka. Nilitamani kumzaba kofi. Leo natamani kumsikia akisema tena upuuzi ule.

Yeye alipelekwa mbele, upande wa mtoni. Mimi nikabaki nyuma kidogo, kwenye ghala la kahawa lililogeuzwa mahali pa kutibia majeruhi. Halikuwa na madirisha. Meza ya kuchambulia kahawa ndiyo ikawa kitanda cha upasuaji, na karabai yangu ikaning'inia juu yake kwa waya. Daktari alikuwa kijana mpole, macho mekundu kwa kukosa usingizi, na aliniita Mama Kulwa kwa heshima ingawa umri wetu ulikaribiana. Mbeba machela alikuwa Mzee Ngassa, mkulima wa pamba kutoka Nyasubi, Kahama.

Taa ilipata taabu kuliko watu. Mafuta tuliyoletewa yalikuwa yamechanganywa na dizeli, yanatoa moshi na kuziba kitundu kila mara. Niliyachuja kwa kitambaa, nikayachuja tena. Lakini mabomu nisingeweza kuyachuja. Kila bomu likianguka karibu, ghala linatikisika na utambi unamwagika kama unga ndani ya chimni ya kioo. Nafunga mwingine. Siku zikaenda hivyo, mpaka nikafunga wa mwisho. Nilimwambia daktari kuwa huu ndio wa mwisho, naye akasema maombi yameshapelekwa. Maombi yalikuwa yanapelekwa tangu tufike.

Masanja aliletwa saa ya magharibi, mvua inanyesha.

Nilimjua kwa miguu kabla sijaona uso. Paja la kulia lilikuwa limepasuka juu, karibu na nyonga. Walikuwa wamemfunga kwa mkanda, lakini damu ilikuwa inapita.

"Dada," alisema. "Shemeji hajambo?"

"Nyamaza, mjinga wewe," nikamwambia. Nilikuwa nalia.

Daktari akatazama jeraha, akasema mshipa mkubwa umekatika, akiupata ataufunga, na mtu anaweza kupona. Anaweza kupona. Nilipanda juu ya sanduku, nikaiongezea karabai upepo. Ikawaka vizuri, nyeupe, bila kupumua. Daktari akainama.

"Nauona," akasema.

Bomu likaanguka nyuma ya ghala.

Vumbi, vigae, kelele. Halafu moto mwekundu ukalamba chimni, kioo kikapasuka, nikafunga mafuta haraka. Giza.

Daktari alikuwa amekandamiza jeraha kwa ngumi. "Taa," akasema. "Mama Kulwa, taa."

Gari, ambalo taa zake zingetufaa, lilikuwa limeondoka na majeruhi wengine. Tochi ilikuwepo, lakini mawe yake yalikuwa yamechoka, inatoa mwanga kama tumbaku ndani ya kiko. Tukaleta chemli. Kwa chemli, damu na nyama na mshipa vyote vina rangi moja.

Mzee Ngassa ndiye aliyeniita mama kwa Kisukuma, akasema, "Mayu, kile kifuko si uzi wa pamba? Pamba tunalima sisi."

Nani angembishia? Kwetu pamba ni kila kitu. Ni ada ya shule, ni mahari, ni bati juu ya nyumba, ni dawa ya kuchujia na kuzibia na kufungia. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuambiwa kwamba ule uzi wa dukani huchovywa dawa kiwandani, na kwamba bila dawa hiyo ni uzi tu. Tulichukua bendeji, Mzee Ngassa akaichambua na kuifuma upya kwa vidole vyake vinene, upesi, kifuko kizuri kabisa. Nikakifunga. Nikaipasha taa kwa spiriti, na safari hii sikuharakisha, ingawa kila mshipa wangu ulitaka kuharakisha. Nikafungua mafuta.

Kikashika.

Ghala zima likaonekana, kuta, magunia, uso wa Masanja umelowa jasho. Mtu mmoja akasema "Aaa!" kwa furaha. Mzee Ngassa akapiga makofi. Daktari akainama, akaondoa ngumi.

Kikaanguka cheusi.

Tukakosa hata ile tochi, maana aliyeishika alikuwa ameitupa kwa furaha, na chemli tulikuwa tumeizima kifuko kiliposhika. Nilisikia daktari akitafuta kwa vidole, akipumua kwa nguvu, akisema, "Upo wapi, upo wapi." Nilimshika Masanja mkono.

"Dada, mbona mmezima?"

"Tunawasha sasa hivi."

"Haya."

Neno lake la mwisho ni hilo. Mtu mwenye mdomo ule wote.

Asubuhi tulimzika nyuma ya ghala, kwenye mibuni, pamoja na wengine. Mzee Ngassa hakunitazama tena usoni mpaka tulipoachana. Alikuwa ametoa alichokuwa nacho. Wiki iliyofuata likaja sanduku la tambi, limejaa mpaka juu, nyeupe, zimepangwa vizuri kwenye pakiti zake. Nilifunga mmoja, nikauwasha, nikaendelea na kazi. Watu waliopona chini ya taa ile ni wengi, na nikikutana nao hunishukuru. Siwachukii. Lakini wakianza kusema Mungu ana mpango wake, huwa naondoka.

Vita viliisha kwa ushindi, watu wakacheza ngoma mpaka Kahama. Mimi nilirudi Ushirombo kwa lori la mizigo. Mama alinipokea, akanipa maji ya kuoga, akasubiri nile. Habari alikuwa nazo. Alichotaka kujua ni kitu kimoja, kwa sababu kwetu ndugu wa damu ndiye anayemfumba macho marehemu.

"Ulimfumba wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe, mama."

"Macho yake yalikuwa yanatazama wapi?"

"Sikuona, mama," nikamwambia. "Nilipapasa."